Mchumba Mwenye Macho Mekundu

Shituru, Likasi
20 Juni 2024

Mdogo wangu Yassine,

Salamu za nyumbani zikukute mzima, na nyavu zako ziwe nzito. Sisi tupo. Goti la mama linamsumbua kwa baridi hii ya kiangazi, lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wowote. Duka la vitenge linakwenda polepole. Weye je? Unakula? Unalala penye joto?

Sasa keti kwanza. Tangu urudi ziwani baada ya Idi kumeingia neno. Ulipokwenda kumsalimia Mzee Swedi, baba wa Chadia, alikupa chai, akakuaga vizuri. Ulipotoka tu akamwambia mkewe: "Ule kijana ananywaka. Ao anavutaka bangi. Macho yake iko nyekundu sawa makala ya moto. Mutoto wangu hataolewa kule." Juzi ametuma mtu kwa mama kusema posa isimame. Chadia amegoma kula chakula cha baba yake. Anakuja kula kwangu, na anakula sana.

Halafu yuko Yunus, muuza simu. Ameanza kupita dukani kwa Mzee Swedi kununua vipuri vya gari, naye hana hata baiskeli. Macho yake meupe kama maziwa.

Mimi dada yako mkubwa ndiye niliyekubeba mgongoni mama akiwa safarini na biashara zake, kwa hiyo nakuuliza bila kuzunguka: unakunywa? Kama ni kweli nitakugombeza, kisha nitakusaidia. Kama si kweli, nitapigana.

Najua huko simu hazishiki. Mpe Lambert jibu akija na gari la samaki.

Yaya yako,
Salma


Kambi ya wavuvi, Tshangalele
27 Juni 2024

Yaya Salma,

Asalam aleikum wewe na mama, na pole ya goti. Mwili wangu mzima, namshukuru Mungu. Macho tu ndiyo yamekataa.

Yaya, wallahi sijagusa pombe wala bangi. Nakunywa chai mpaka wenzangu wananicheka. Kinachoniumiza ni ziwa. Kuanzia alfajiri mpaka alasiri niko mtumbwini na Kitenge, mwenzangu wa uvuvi. Jua linanipiga mara mbili, mara kutoka juu, mara kutoka majini, maana maji ya kiangazi yanang'aa kama bati jipya. Upepo unakausha macho. Jioni tunakausha samaki kwa moshi, na moshi hauulizi macho ya nani yamechoka. Nikilala nahisi mchanga chini ya kope. Asubuhi kope zimegandana, na nikijisugua ni kwa mikono yenye ute wa samaki. Ile Idi nilikuja kwa Mzee nikiwa nimetoka majini jana yake.

Kitenge alinihurumia, akanikamulia majani ya dawa ya bibi yake. Nilikimbia nikajitupa ziwani na viatu. Yeye amesimama ukingoni anapiga kelele: "Vumilia, dawa inaingia!" Nikamjibu: "Inaingia, lakini jicho linatoka!"

Tunacheka, yaya, lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Kwenye weupe wa jicho la kushoto, upande wa pua, kinyama kidogo kimeanza kuota. Nakiona kwenye kioo. Naogopa. Sina kazi nyingine tangu lori nililokuwa nasaidia liuzwe, na mvuvi asiyeona ni mzigo wa mtumbwi. Usimwambie mama.

Mwambie Chadia asichoke kunisubiri. Na akubakizie chakula.

Mdogo wako,
Yassine


Shituru, Likasi
5 Julai 2024

Yassine wangu,

Tumeamka salama, na tunakuombea uamke hivyo hivyo. Aksanti kwa kusema kweli. Nimepigana, kama nilivyokuahidi.

Nilikwenda kwa Mzee Swedi nikamwambia: "Baba, ni jua la ziwani." Akaweka chini kikombe chake. "Jua? Minye niliendesha lori mpaka Kasumbalesa, nikazeeka ku barabara. Jua haikunipa macho ya vile. Jua ya Tshangalele njo jua ya Mungu mwingine?" Chadia akapaza sauti kutoka jikoni: "Baba, lori iko na paa!" Mama yake, Mama Binti, akaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alisema macho ya mlevi anayajua hata gizani, na mimi nikatoka na aibu yangu.

Nikaenda kituo cha afya kwa nesi Danielle. Nilipomweleza majani ya Kitenge alishika kichwa. Anasema usitie kitu chochote jichoni, si majani, si limau, si maziwa ya mama anayenyonyesha. Maji yaliyochemshwa yakapoa, basi. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso, na usisugue hata yakiwasha namna gani. Kwenye moshi, kaa upande upepo unakotoka. Mchana vaa kofia pana na miwani ya giza inayofunika mpaka pembeni.

Kile kinyama nilimweleza bila kutaja jina lako. Anasema anakiona kwa wavuvi, na kwa wachimba mawe wa Kakontwe pia. Mara nyingi kinakua polepole, lakini lazima daktari wa macho akitazame. Atakuja Likasi mwezi wa nane. Utakuja, na sitaki kusikia habari ya samaki.

Nakutumia kofia ya mama ya bustani. Usione haya kwa utepe wake. Na jirani yetu Parfait, yule anayeunga vyuma, ametoa miwani yake ya kazi. Nyeusi kabisa! Jua halitapata mlango.

Yaya yako,
Salma


Kambi ya wavuvi, Tshangalele
13 Julai 2024

Yaya,

Natumaini wote hamjambo na goti la mama limepata nafuu. Mimi nimepata nafuu ya macho na jina jipya. Kambi nzima sasa inaniita Soudeur, muunga vyuma.

Ile miwani ya Parfait, jua halikupata mlango kweli, na mimi sikupata dirisha. Saa sita mchana kwangu ilikuwa usiku wa manane. Kitenge akaniambia vuta wavu. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, samaki wamejaa, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kumbe wavu wa Mama Marceline! Yule mama anavua peke yake na haogopi mtu. Alitukimbiza kwa kasia mpaka kwenye matete, anapiga kelele: "Mwizi mwenye miwani! Mwizi mwenye miwani!" Tukarudisha samaki wote na kuongeza wawili wetu wa kuombea radhi. Tulipokaribia ukingoni nikashuka kwa heshima kabla mtumbwi haujafika.

Miwani imerudi na Lambert. Mwambie Parfait namshukuru, na ninamheshimu kuliko zamani.

Lakini kofia, yaya, kofia inafanya kazi. Maji ya kuchemsha pia. Kope hazigandani tena asubuhi. Mng'ao wa majini tu ndio unaingia chini ya kofia, na mchana macho bado yanawaka.

Kuhusu Yunus hujaandika kitu. Ukinyamaza naogopa zaidi.

Mdogo wako,
Yassine


Shituru, Likasi
20 Julai 2024

Yassine,

Haraka, Lambert ananipigia honi. Wote wazima. Mama alipoisoma barua yako alicheka mpaka akasahau goti.

Humo ndani kuna miwani ya kweli. Chadia alizunguka soko zima akijaribu moja moja juani, akiwauliza wauzaji maswali mpaka mmoja akamwomba aende kwa jirani. Hii inazuia mionzi ya jua, inafunika pembeni, na inapunguza mng'ao wa maji. Ameshona mpira nyuma ili isianguke ziwani. Anasema ukiipoteza, basi urudi na wavu wa Mama Marceline.

Yunus amenunua betri ya lori. Sijui ataiweka wapi.

Mzee Swedi amesafiri. Kasema anakwenda Lubumbashi kutafuta vipuri. Hajarudi.

Salma, yaya yako


Kambi ya wavuvi, Tshangalele
26 Julai 2024

Yaya Salma mpendwa,

Mungu awape afya. Keti weye sasa.

Mzee Swedi hakwenda Lubumbashi.

Alishuka kwenye gari la Lambert alfajiri, koti limefungwa mpaka shingoni, hakunisalimia hata. Akaingia kibandani mwangu. Akainua godoro. Akanusa kikombe changu, akanusa cha Kitenge, akafungua birika akaingiza pua yote. Chai. Akatoka nje akazunguka kibanda kutafuta chupa, akakuta kofia ya mama na utepe wake imetundikwa. Aliitazama muda mrefu.

"Unaenda wapi sasa?" akaniuliza.

"Majini, baba."

"Twende."

Nilimpa miwani yangu ya Chadia. Akaisukuma. "Minye si mutoto wa mujini." Nikampa kofia. Akatazama utepe, akatazama pembeni. Basi nikavaa mimi vyote viwili, na Kitenge akauma midomo ili asicheke.

Yaya, miwani ile! Mng'ao umeondoka, naona chini ya maji, naona majani, naona kivuli cha samaki kikipita. Mzee aliketi mbele amekaza uso, kama bado ameshika usukani. Halafu kambale mkubwa akanasa, akaanza kupiga mkia, na Mzee akasahau ugomvi wetu wote. Alimrukia kwa mikono miwili, koti limelowa, anacheka kama kijana: "Usimuache! Shika! Ni yangu huyu!" Baada ya hapo hakutaka kurudi. Nilimwambia mara tatu: "Baba, jua kali, turudi." Akajibu: "Bado kidogo."

Tulirudi alasiri. Alipofika ukingoni hakuweza kufungua macho. Mekundu kama nyanya, machozi yanatiririka mpaka kwenye ndevu. Nilichemsha maji, nikayapoza, nikanawa mikono, nikamlaza, nikamwosha macho taratibu. Nilipomaliza alinishika mkono akanivuta karibu, akatazama jicho langu la kushoto. Ameona kinyama. Akaniuliza: "Hii nayo ni ya pombe?" Sauti yake haikuwa na hasira.

"Sijui, baba. Nesi anadhani ni jua."

Asubuhi amepanda gari la Lambert na kambale wake. Kuhusu posa hakutamka neno. Niko hapa nasubiri. Niambie lolote, hata baya.

Mdogo wako,
Yassine


Shituru, Likasi
3 Agosti 2024

Yassine, mdogo wangu, mume wa watu,

Alhamdulillahi, wote wazima, na kuna mmoja aliyepona kiburi.

Mzee Swedi alishuka garini na macho yale. Mama Binti alifungua mlango, akamtazama, akamtazama kambale, akafunga mlango. "Swedi! Umezeeka njo unaanza kulewa?" Mzee aliapa. Hakuaminiwa. Majirani wakatoka. Mmoja akasema kwa huruma: "Lubumbashi inaharibishaka bazee." Ijumaa msikitini ilikuwa mbaya zaidi. Imamu alimshika bega baada ya sala akamnong'oneza: "Mzee wangu, mlango wa toba uko wazi." Akarudi nyumbani anamwambia kila mtu njiani: "Ni jua! Ni jua ya Tshangalele!" na watu wanamwitikia "Ndiyo, baba," vile vile anavyoitikiwa mlevi.

Chadia alimwachia mpaka jioni. Halafu akamletea chai akamwuliza polepole: "Baba, jua ya Tshangalele njo jua ya Mungu mwingine?" Mama Binti anasema Mzee alianza kutikisika mabega, wakadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka macho yakamuuma tena.

Jana amekuja kwetu mwenyewe, hakutuma mtu. Alimwambia mama: "Nilimuhukumu mutoto wako kwa macho yake, na Mungu akanipa macho yake. Naomba samahani. Posa iendelee." Kisha akaweka sharti moja, na alipolisema hakucheka: kabla ya ndoa, daktari akutazame kile kinyama. Atakupeleka yeye mwenyewe. Mama sasa anajua, nisamehe. Alilia kidogo, akafuta machozi, akaanza kuhesabu wageni.

Yunus anauliza kama betri inarudishwa.

Njoo na gari la kwanza.

Yaya yako mwenye furaha,
Salma


Kambi ya wavuvi, Tshangalele
2 Septemba 2024

Yaya,

Nimefika salama. Niliondoka mbio, sikukuaga vizuri, nisamehe.

Neno la daktari bado linanilia masikioni. Kinyama hakijafika kwenye mboni. Hakikatwi sasa. Nikivaa miwani na kofia kila siku kinaweza kubaki palepale, na nikirudi bila hivyo atanifukuza. Mzee Swedi alimwuliza jambo hilohilo kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa vidole. Tulipotoka nje aliniambia: "Mukwe wangu, twende tule." Ni mara ya kwanza ameniita hivyo.

Kitenge ameagiza miwani. Mama Marceline pia, na anataka nyekundu. Mzee ameagiza katoni nzima, sasa anaiuza dukani kwake katikati ya mikanda na chujio za mafuta. Anawaambia wateja ameijaribu mwenyewe. Hasemi ilikuwaje.

Chadia anataka baada ya ndoa aje huku, auze samaki mpaka soko la Koni. Nilimwambia kibanda ni kidogo. Akaniambia nikipanue. Nimeanza kukata miti.

Mdogo wako,
Yassine


Shituru, Likasi
14 Desemba 2024

Yassine na Chadia,

Mvua zetu zimekuwa nzuri, mama anatembea bila fimbo, na mimi nipo.

Tangu mwondoke baada ya harusi Lambert amepita na kupita. Anashusha samaki, anashusha salamu za mdomo. Barua hakuna. Mwanzoni nilinuna. Nilizoea kusoma maneno yako dukani nikiwa peke yangu, na sikujua nimezoea hivyo mpaka yalipokatika.

Leo nilimbana Lambert: "Uliwakuta wanafanya nini?" Akasema: "Niliwakuta wanabishana juu ya chumvi ya samaki, huyu anasema nyingi, huyu anasema kidogo. Nikapiga honi. Nikapiga tena. Hakuna aliyegeuka."

Basi nimetulia. Msihangaike kunijibu. Nitaendelea kumwuliza Lambert, na siku atakayoniambia mmegeuka kwa honi ya kwanza, nitapanda gari lake nije kuangalia kuna nini.

Yaya yenu,
Salma