Mbwa wa Ghubani

Mkungumoja, karibu na Makangale
9 Januari 2004

Kaka yangu Mbarouk,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, mvua zimekatika na mihogo imeshika vizuri. Wasiwasi wetu ni wewe na kikohozi chako. Kimekuacha? Nisalimie sana wifi yangu Mize.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Moza. Unajua mwanangu huyu katimiza miaka minane hajasema neno, hatazami mtu usoni, na ukimgusa tu hupiga mayowe. Ila maji anayapenda kuliko chakula. Mwaka jana tulimtoa baharini mara mbili, na mara ya pili alikuwa keshayanywa.

Sasa Bwana Mabruki, yule aliyekuwa askari wa mbwa Unguja, kastaafu na karudi kwao hapa na mbwa wake mzee, jina lake Bosi. Bi Hija wa Wingwi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kamwomba wafundishe watoto kama wangu kuogelea pale ghubani. Wako sita. Mbwa huvishwa koti la boya lenye mshikio mgongoni. Mtoto anashika, mbwa anapiga maji polepole, na Bi Hija yuko ubavuni. Moza, asiyekubali hata mkono wangu, siku ya kwanza tu alishika ule mshikio na hakuuachia mpaka maji yalipokupwa.

Tukirudi namwosha najisi ya mbwa mara saba, moja kwa udongo, kama marehemu baba alivyotusomesha. Lakini majirani wananong'ona. Wewe ndiye mkubwa wetu na ndiye mwenye elimu, na tangu babake atuache mlezi wa Moza ni wewe. Naomba idhini yako.

Mdogo wako,
Mwatum


Tanga
30 Januari 2004

Mdogo wangu Mwatum,

Waalaykum salaam. Kikohozi kimepungua, alhamdulillahi. Mize anakusalimu, na huyu aliyekuletea barua ana gauni la Moza la Sikukuu.

Barua yako niliisoma nikaikunja, kisha nikaisoma tena. Mtoto wa nyumba ya baba yetu amkumbatie mbwa mbele ya watu? Mimi hapa nasomesha watoto wa wenzangu Kurani chuoni. Juzi Mpemba mwenzetu mmoja aliyekuja kununua mbao kaniuliza mbele ya wanafunzi, "Maalim, ni kweli mpwa wako siku hizi analelewa na mbwa?" Mtoto utamwosha, Mwatum. Maneno ya watu utayaosha kwa kitu gani?

Akipenda bahari, mfungie mlango. Sisemi haya kwa chuki, na wewe unajua ninavyompenda. Lakini idhini sitoi.

Kaka yako,
Mbarouk


Mkungumoja
22 Februari 2004

Kaka yangu,

Salaam nyingi, na shukrani kwa gauni. Limemkaa sawasawa. Natumai hamjambo nyote.

Nisamehe kwa nitakayoyasema. Barua yako ilipofika nilimzuia Moza siku tatu. Alikaa nyuma ya mlango akijigonga kichwa kwenye ubao, taratibu, kutwa. Siku ya nne nikaenda kwa Shehe Nyange wa msikiti wetu, nikamweleza yote na nikamsomea maneno yako. Akasema, "Kakako hakukosea kuhusu najisi. Lakini najisi imewekewa maji na udongo. Mtoto aliyezama hakuwekewa kitu. Nenda kamfundishe mwanao."

Basi nimemrudisha. Na ngoja nikwambie jambo usilolitarajia. Unakumbuka alivyokuwa akilia ukimmwagia kata moja ya maji? Sasa kuoshwa kule mara saba kakuzoea. Tukifika uani anachota udongo mwenyewe, ananishikisha mkononi, kisha anasimama wima anangoja. Kila kata anakunja kidole kimoja. Miaka minane, kaka, n'likuwa sijapata kumwosha mwanangu kichwa bila ya vita.

Jumanne iliyopita Bi Hija alimwambia Bwana Mabruki amrudishe mbwa nyuma. Moza akabaki peke yake, chali juu ya maji, mikono kaitanua, macho juu. Alielea. Bimkubwa, jirani yangu, alikuwa amesimama nami. Akanambia, "Na wangu nitamleta." Wake ni Masika, yule mzito wa kufahamu, anayemfuata Moza kila aendako. Anaanza mwezi ujao.

Natamani ungekuja uone kwa macho yako.

Mdogo wako,
Mwatum


Tanga
18 Machi 2004

Mwatum,

Assalaam alaykum. Sisi wazima.

Nilikukataza ukaenda kutafuta mwingine wa kukuruhusu. Sasa nami nimewaandikia wazee wa msikiti wa hapo kwenu. Nimewaeleza kwamba mimi, nikiwa mlezi wa mtoto na mtu wa chuo, sikuridhia mbwa kuchanganywa na watoto wa Kiislamu, na nimewaomba walikomeshe. Nimetia jina langu.

Siku moja utanishukuru.

Kaka yako,
Mbarouk


Mkungumoja
11 Aprili 2004

Kaka,

Salaam. Tu wazima.

Barua yako ilisomwa Ijumaa baada ya sala. Shehe Nyange alikuwa kitandani Wete, mgonjwa, na hakuwepo wa kumsemea Bi Hija. Wazee walisema maadamu Maalim Mbarouk kakataa, na mtoto ni wa kwake, wao ni nani. Mimi n'likuwa nimekaa nje na wanawake wenzangu. Niliulizwa kama nina neno. Nikasema sina.

Bwana Mabruki hakubishana. Kesho yake alimpakia Bosi kwenye gari la mkaa, akenda naye bandarini wavuke Unguja. Bi Hija alitaka kuendelea bila ya mbwa, lakini wazazi wameogopa. Masika alikuwa keshahudhuria mara mbili tu.

Saa za mafunzo zikifika Moza huniongoza pwani. Anakaa mchangani anatazama njia aliyokuwa akija mbwa.

Amri yako imetimia. Sina jingine la kukuandikia.

Mwatum


Tanga
15 Juni 2004

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Hii ni barua ya pili bila ya jibu. Mize ananiuliza habari zenu kila siku na mimi namwambia mvua ndiyo imechelewesha.

Pengine nilikuwa mkali. Kila ninapokumbuka ile habari ya vidole, usingizi huniruka. Lakini najiambia nilifanya kwa heshima ya nyumba yetu. Niandikie hata mstari mmoja. Moza anakula? Bado anachota udongo?

Kaka yako,
Mbarouk


Mkungumoja
28 Agosti 2004

Kaka Mbarouk,

Assalaam alaykum. Moza mzima. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Jumatatu ya tarehe tisa n'likuwa naanika makopa ya muhogo juu ya paa la jiko. Kila siku huenda na Moza pwani nikakaa naye. Siku ile nilisema nimalize ungo mmoja kwanza. Niliposhuka hayupo. Nikatoka mbio, na njiani nikakutana na Bimkubwa, naye anamwita Masika. Tulipofika, maji yalikuwa yanajaa na mchangani pana kanga ya Masika tu.

Wavuvi wa nyavu za juya walimkuta Moza nje ya mwamba. Alikuwa chali, mikono kaitanua, macho juu, kama alivyofundishwa. Walisema hakuwa hata na hofu. Walipomshika ndipo alipopiga mayowe.

Masika alipatikana siku ya pili, kwenye mikoko.

Alikuwa hajafundishwa kulala chali. Bi Hija kanambia hilo lilikuwa somo la tatu.

Sikuandikii ili nikutwike peke yako. Mimi niliulizwa mbele ya watu nikasema sina neno, na mimi ndiye niliyekuwa juu ya paa. Lakini n'naona ni haki ujue.

Mwatum


Tanga
14 Septemba 2004

Mdogo wangu Mwatum,

Salaam zangu zikufikie. Sitakuuliza hali.

Barua yako niliipata chuoni. Niliwaachia watoto waende nyumbani, na mpaka leo sijawaita. Mize kasoma akalia, kisha akaniuliza, "Ulimwogopa nani, Mungu au yule mnunuzi wa mbao?" Nimekuwa nikilijibu swali hilo siku kumi na moja, na kila jibu ni lile lile.

Nataka kuja. Nataka kwenda mlangoni kwa Bimkubwa nimwombe radhi kwa kinywa changu. Muulize kama atanipokea. Lolote atakalosema, niandikie kama alivyolisema.

Kaka yako,
Mbarouk


Mkungumoja
5 Desemba 2004

Kaka yangu,

Assalaam alaykum. Twashukuru, tu wazima. Shehe Nyange kapata nafuu na anakusalimu.

Nilimuuliza Bimkubwa kama ulivyoniagiza. Alikuwa akipepeta mchele na hakuacha. Akasema, "Kuja asije. Alifunga kwa barua, afungue kwa barua. Awaandikie wazee wale wale, atie jina lile lile, na isomwe Ijumaa." Ndipo nikakuletea ule ujumbe mfupi, nawe ukafanya.

Barua yako imesomwa. Ilipofika pale ulipoandika kwamba uliogopa aibu ya watu ukaiita dini, mzee mmoja alitoka kabla haijesha. Mwishowe Shehe Nyange akasema mafunzo yarudi, na wanaosema waseme.

Bi Hija aliandika Unguja. Bwana Mabruki akajibu kwamba Bosi kafa mwezi wa Oktoba, kwa uzee, na yeye hana nguvu za kulea mbwa mwingine. Kwa hiyo mafunzo yameanza bila ya mbwa. Wamekuja watoto watatu kati ya wale sita. Moza huingia majini mwenyewe, lakini mtu akimsogelea anakwenda mbali, na Bi Hija kaniambia hatamlazimisha. Tukirudi uani anakaa kizingitini, na kata moja tu nikimmwagia analia kama zamani.

Katika jibu la ujumbe ule unaniuliza kama nimekusamehe. Nimekusamehe, kaka, tangu siku ile barua iliposomwa, na namwomba Mungu anisamehe na mimi.

Najua unataka kuja Idi Kubwa. Usije Idi hii. Bimkubwa hupita hapa mlangoni kila asubuhi akienda kisimani, na bado hupunguza mwendo akimuona Moza. Mwache kwanza apite bila ya kukukuta.

Mdogo wako,
Mwatum