Meza Isiyo na Kitunguu

Maman mpenzi,

Pole sana na maumivu. Hapa Brussels kuna mvua nyepesi. Leo jirani wa dada Antoinette, maman mmoja wa Taiwan, alitualika chakula. Niliona samaki nikafurahi. Kumbe ni soya iliyovalishwa mwani! Nyama hamna, wala kitunguu, eti kwao Wabuddha kinaamsha hasira.

"Mama yangu alipougua niliweka nadhiri nisile nyama tena," akatuambia.

"Akapona?" nikauliza.

"Hapana. Lakini nilikuwa naye mpaka mwisho."

Bon, tulipomaliza kula nikapigia simu shirika la ndege. Maman, nimebadilisha tikiti. Tonton Deo, ndugu yako, anakuja huko kesho na kadi hii ninayokuandikia, nami namfuata Jumapili, nije nikae kando ya kitanda chako. Mungu akutunze hadi nifike.

Neema wako