Miale Miwili, Fuwele Moja

Mkolani, Mwanza
3 Februari 2025

Pacha wangu Ishengoma,

Hujambo huko Ujerumani kwenye baridi? Mama na Baba wanakusalimu, wapo. Mgonjwa wenu ni mimi yuleyule: kwenda kusafishwa damu, kurudi kulala. Cherehani yangu pale Buzuruga nimeifunika shuka.

Majibu ya vipimo vyako yamefika. Figo lako linanifaa! La Mama halikufaa, Baba ana kisukari. Umebaki wewe. Njoo, kaka. Usinifanye nibembeleze, unajua siwezi.

Pacha wako,
Nyakato

19 Februari 2025

Mdogo wangu Nyakato,

Pole sana, na wazazi wapelekee shikamoo yangu. Nakuja, hilo halina mjadala. Nipe mpaka Aprili tu.

Kazi imenishika koo. Nina fuwele, kijiwe kiangavu kama punje ya harage. Tukiilisha mwanga, inatoa leza. Ndani yake miale miwili inataka kuwaka: mmoja unatikisika wima, mwingine kwa ubavu. Chakula chao ni kimoja. Mmoja ukitangulia hata kidogo, unakula chote na mwenzake unazimika. Mimi nataka iwake yote miwili. Nikiondoka sasa, meza yangu atapewa mtu mwingine.

Kaka yako,
Ishengoma

27 Aprili 2025

Kaka,

Habari za Pasaka? Aprili ndiyo hiyo inaisha. Miguu imevimba, siku hizi navaa malapa ya Baba.

Nilimsomea Mama habari ya miale yako. Akasema, "Ndivyo mlivyonyonya ninyi wawili." Hebu niambie, ule mnyonge unausaidiaje? Unauongezea chakula?

Pacha wako,
Nyakato

8 Juni 2025

Nyakato, mdogo wangu,

Hali yako? Nakuwaza kila siku.

Kuongeza chakula hakusaidii, ule wenye nguvu unakila hicho nacho. Dawa ni kuupunguza huo wenye nguvu. Unaweka kioo chembamba njiani, unakiinamisha, kinaunyang'anya kidogo kidogo mpaka ulingane na mwenzake. Nimekaribia. Julai nina uhakika.

Kaka yako,
Ishengoma

11 Juni 2025

Kumbe unajua.

Nyakato

30 Agosti 2025

Pacha wangu,

Mbona kimya hivyo? Mama naye hapokei simu. Imewaka! Miale yote miwili, asubuhi nzima, hakuna uliomla mwenzake. Nimelia mbele ya Wajerumani bila aibu. Tiketi nimekata, tarehe 12 Septemba niko Mwanza. Mwambie Mama anipikie ndizi. Figo nakuletea mwenyewe.

Kaka yako,
Ishengoma

2 Septemba 2025

Kaka Ishengoma,

Hujambo? Anayeandika ni Mama kwenye simu yangu, mimi nasema tu, vidole vimekataa. Hongera. Sikukejeli, nimefurahi kweli.

Moyo wangu umepanuka. Daktari anasema sasa hawezi kunipasua, nitafia mezani. Mwezi wa sita ilikuwa bado inawezekana. Nimekukasirikia mpaka nimechoka, kaka, na Mama analia hapa ananiomba nisikuandikie hayo. Nimemwambia aandike.

Tiketi usiirudishe. Baba ameshasema nitavushwa kwa meli mpaka Bukoba, nizikwe kibanjani, kwenye migomba yetu, karibu na Bibi. Figo lako baki nalo. Nataka unishike mkono wakati bado naujua kuwa ni wako.

Tarehe kumi na mbili ni mbali. Njoo kesho.

Pacha wako,
Nyakato