Bodi Iliyoungua Jumanne

Fundi Masanja,

Shikamoo. Sikuandikii kukwambia kwamba tunakukumbuka, hayo yamesemwa sana kwenye matanga yako. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya na sijamwambia mtu.

Msimu wa mashindano umeanza. Klabu yetu ya roboti, ile uliyokuwa ukiijia kila Jumamosi kwa baiskeli mpaka hapa Didia, wamempa mwalimu mgeni kutoka Geita, Mwalimu Ezekieli. Sikumpenda tangu siku ya kwanza. Mtu gani anauliza ufunguo wa kabati la marehemu kabla hajauliza majina yetu? Kisha akatoa simu, akaipiga picha roboti yetu juu, chini na ubavuni, kama dalali wa ng'ombe mnadani. Simu yake ikiita, anatoka nje kuongea. Nikajisemea, huyu katumwa. Kazi yetu tutaikuta kwenye meza ya shule nyingine.

Ndipo nikaamua kumpima kwa njia yako.

Unakumbuka siku ile kibandani kwako Mwakitolyo, uliponionyesha pampu za sola za wachimbaji? Kila uliyoitengeneza uligeuza rangi za nyaya: nyekundu kwenye hasi, nyeusi kwenye chanya. Mwizi akiiba akaunga betri yake kwa kufuata rangi, pampu inamuungulia mikononi. Ulicheka mpaka kile kikohozi kikakushika. "Ng'wanawane, mwizi husoma rangi, fundi husoma mita." Na roboti yetu uliiunga hivyohivyo, ukaniambia mimi peke yangu. Nilijiona mkubwa, sikufichi.

Jumanne ililetwa betri mpya. Mwalimu akaniuliza mbele ya wote, "Kabula, wewe ndiye uliyekuwa karibu na fundi. Kuna chochote alikwambia kuhusu hii mashine?"

Nikasema, "Hapana, mwalimu."

Nilitaka nione. Kama anajua kazi, atapima kwanza. Kama ni mbabaishaji, atajiumbua mwenyewe. Lakini yeye akasema, "Nisubirini kidogo," akatoka. Nikaenda dirishani kuchungulia anakwenda kuonana na nani. Nyuma yangu Dotto, yule uliyekuwa ukimtania kwamba mikono yake ni ya kukamulia maziwa, akaona aibu kukaa bure. Akaunga nyekundu kwa nyekundu. Nilimsikia akisema, "Nawasha jamani." Nilimsikia vizuri kabisa, Fundi. Macho yangu yalikuwa kwa mwalimu.

Bodi, ule ubongo wa roboti, ilitoa moshi. Ndiyo hiyohiyo moja tuliyokuwa nayo.

Mwalimu alirudi ameshika mita ya kupimia umeme. Ndiyo aliyokuwa ameifuata ofisini. Na zile picha alikuwa akiwatumia wenzake Geita, awaombe magurudumu mapya yanayolingana na yetu. Yametufikia jana. Sijaweza kuyagusa.

Wenzangu wanamwita Dotto mchoma bodi. Kesho kuna kikao, wanataka aondolewe kwenye timu, na mwenyewe keshaanza kusema anastahili kuondolewa. Mwalimu anamtetea, anasema labda marehemu alikosea kuunga. Akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Nimekusingizia, Fundi, udongo wa kaburi lako haujakauka.

Nimekukasirikia pia, acha niseme. Wezi walikuwa Mwakitolyo, huku tulikuwa wanafunzi wako. Ulituogopea nini? Nimekaa na swali hilo siku mbili, na kila nikitaka kukulaumu nakumbuka kwamba mimi uliniamini. Ulinipa ile siri niwalinde nayo wenzangu, mimi nikaitega.

Bado namwangalia Mwalimu Ezekieli kwa jicho la pembeni. Asubuhi alinisalimia vizuri kuliko kawaida, nikawaza, ameshajua huyu, ananisubiri niseme mwenyewe. Huenda. Huenda pia ni salamu tu. Siku hizi sijui tena ipi ni ipi.

Basi, lala salama, Fundi. Wabeja kwa yote uliyonifundisha, hata hili. Nakuahidi kesho nitasimama kabla hawajapiga kura. Nitasema hukukosea, nilijua, nikanyamaza. Wakiniondoa mimi, sawa. Wewe huwezi kujitetea, na Dotto hajui kwamba ana cha kujitetea. Mwenye mdomo ni mimi.

Mwanafunzi wako,
Kabula