Sarafu Uliyoikataa

Baba,

Nimekivunja kile kikasha. Nimekivunja asubuhi hii kwa nyundo yako, juu ya kizingiti cha jikoni, na vipande vya plastiki bado vimetapakaa chini. Nakuandikia kabla sijavifagia, maana najijua: nyumba ikishakuwa safi nitaanza kujitetea.

Wewe uliyepima madini kiwandani hadi ukastaafu, hukukubali kitu kipimwe kikiwa kimevaa. "Vula kwanza nguo yake, ndiyo upime," ulikuwa unasema, na hata sukari ulitaka itolewe kwenye karatasi kwanza. Wenye maduka wa mtaa wetu wa Kampemba walikuwa wakikuona unakuja wanaguna. Mimi niliona aibu kutembea nawe sokoni. Leo ningetembea nawe mji mzima.

Sarafu yako ya dhahabu ya enzi za Katanga, ile yenye picha ya msalaba wa shaba, ilikaa mfukoni mwako tangu kabla sijazaliwa. Muuguzi alipotoka kukwambia ni msichana, uliruka, ikaanguka kwenye sementi, ikapata kibonyeo ukingoni. Nikiwa mdogo ulikuwa ukikishika kidole changu na kukiweka pale. "Hapa, mama, hapa njo ulizaliwa." Uliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako. Nilikuwa nacheka kila mara, kana kwamba sijawahi kusikia.

Kisha mji ukapinduka. Askari walipora maduka hadi milango, noti za asubuhi hazikununua mkate jioni, majirani wakabeba vitanda kwenda stesheni. Mimi niliwaza watoto tu: niwavushe mpaka wa Kasumbalesa, tuanze upya ng'ambo. Mama Kavira, yule mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, aliniambia kuna watu Ulaya wanaopima sarafu za zamani, wanazikagua kwa lenzi, kisha wanazifungia ndani ya kikasha kigumu cha plastiki ili mnunuzi aamini. Ikiwa humo ina heshima. Ukikifungua, imekuwa tena kitu cha mtu wa Kampemba.

Nilikuomba uitoe, Mama Kavira aipeleke. Nilikwambia, "Itaenda, itarudi." Sikukwambia kwamba ikirudi itaenda tena, kwa mnunuzi. Huo ndio uongo wangu wa kwanza, Baba.

Ilirudi wakati ugonjwa wa sukari umeshakufunga macho. Nilikuwekea kiganjani. Ukaipandisha na kuishusha, ukapapasa ukingo kwa dole gumba, ukazunguka wote, ukazunguka tena. Plastiki iliubana ukingo pande zote, kibonyeo hakishikiki.

"Iko muzito. Hii haiko yangu, mama. Balishabadirisha."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikasema uzito ni wa kikasha. Ukasema, "Basi fungua."

Sikufungua. Siku tatu uliomba, siku tatu nikasema kesho, huku nafunga kifurushi chumba cha pili: pamba, karatasi, utepe wa kunata. Masikio yako yalikuwa mazima. Najua ulisikia utepe ukikatwa. Siku ya nne hukuomba tena. Ulipokea sahani yako ya bukari, ukasema, "Asante, Béatrice." Jina la kwenye karatasi za shule! Hukuniita mama tena mpaka ulipoondoka.

Ulikufa ukiamini binti yako amekuuza.

Na kuna jambo baya zaidi. Baada ya mazishi, na mimi nilianza kuogopa. Nikaitoa sarafu kwenye kifurushi, nikaishika juu kwenye mwanga wa dirisha, nikaigeuza, ukingo hauonekani, nikaifunga tena. Je, kama ni kweli walibadilisha? Nilimtazama Mama Kavira msibani, aliyepika siku zote tatu bila kukaa, nikamwona mwizi. Alipokuja kuchukua kifurushi ampelekee mnunuzi, nikamwambia utepe umeniishia. Akakitazama pale mezani, kimefungwa kama mtoto mchanga. "Dada, uniambie tu hapana," akasema, akaenda zake. Lori lake liliondoka juzi, na nafasi zetu za kuvuka mpaka, ambazo sarafu ingezilipia, zilikuwa humo. Mume wangu hanisemeshi, na siwezi kumlaumu.

Kwa hiyo asubuhi hii nikapiga nyundo. Pigo moja tu, Baba. Sarafu ikaviringika chini ya kabati. Nikalala kifudifudi, nikafumba macho, nikaitafuta kwa mkono kama wewe. Dole gumba langu likaenda lenyewe.

Kipo. Kibonyeo kipo.

Niliiweka kwenye mizani yako, imevuliwa nguo, na upande wa pili mawe yale yale uliyokuwa ukiipimia siku zote. Sahani zikalingana. Nikakaa sakafuni, nikalia hadi watoto wakaja.

Ulikosea, Baba. Ilikuwa yako. Ningependa ungekuwa umepatia, ningekuwa na wa kumlaumu. Kama ningepiga nyundo siku ile ulipoomba, kikasha kingevunjika vilevile, sarafu ingekuwa kiganjani mwako, na ungeondoka ukiniita mama.

Haitakwenda Ulaya. Tutabaki hapa na wanaobaki, tutaona. Jumapili nitakuletea sarafu yako makaburini, bila plastiki wala karatasi. Nitamleta na mtoto wangu wa mwisho, nimwekee kidole pale ukingoni, nimwambie ni nani aliyeruka kwa furaha. Hilo nakuahidi, na safari hii sitasema kesho.

Pumzika, Baba. Ni mimi.

Mama yako