Beberu Ameingia Kwenye Awamu

Hemal, acha chai hiyo usome. Rafiki yako Feisal, huyu huyu anayekuandikia, ameumbuka mbele ya ofisi nzima.

Unaijua kompyuta ya Mjomba hapa Geita, anayopangia kazi za wapima miamba. Kila wiki mbili wanaingiza kazi kwenye awamu mpya, na ikishaingia haitoki mpaka imalizwe.

Basi Feisal, kwa moyo safi kabisa, akaingiza moja ya kwake: "Kumwogesha beberu wa mlinzi kwa sabuni." Alitaka apangiwe Majaliwa, dereva aliyemnyima redio ya gari. Akasahau kujaza jina.

Kumbe ukiacha wazi, kompyuta inaandika jina la aliyeiingiza!

Leo kikaoni Mjomba anasoma: "Kumwogesha beberu. Feisal." Beberu, Hemal! Kwa sauti ile ile ya kusomea vipimo vya dhahabu!

"Shikamoo Mjomba, ulikuwa utani tu."

"Marahaba. Imeshaingia. Usipoimaliza leo, Jumamosi huendi Chato."

Chato! Fainali yetu! Na golini akae nani, wewe?

Beberu ameoshwa. Feisal amepigwa pembe, ameburuzwa hadi kwenye matope, na harufu imehama tu: sasa beberu ananukia, Feisal ananuka.

Majaliwa alikuwa dirishani muda wote, akicheka hadi machozi.

Hemal, mtafute golikipa mwingine. Majaliwa amekaa kwenye kompyuta, anaingiza kazi mpya kwa kidole kimoja, polepole, na jina hajaliacha wazi.