Wenzake Baba Waliofia Njiani

Kijijini Masaki, Alhamisi, baada ya magharibi

Hata leo, kwenye arobaini ya baba, wamebishana kuhusu Wazungu kabla pilau haijapoa.

Mdogo wangu Shomari, aliyekuja kutoka Dar es Salaam, aliinua kile kibati cha namba ambacho Waingereza walimvisha baba alipokuwa mpagazi wao katika vita vya Mjerumani.

"Mzee wetu alivishwa namba kama ng'ombe wa mnadani, nanyi mnasema wametuletea ustaarabu!"

Baba mdogo akamjibu, "Na maneno hayo matamu umejifunzia wapi, bwana mkubwa? Si shuleni kwao?"

Watu wakacheka. Labda wote wawili wamesema kweli.

Baba hakuwasifu Wazungu wala hakuwatukana. Kila Alhamisi, saa kama hizi, aliniita nilete chetezo, akawasomea Fatiha wenzake saba waliofia njiani na mizigo kichwani. Aliwataja mmoja mmoja. Alisema hawana makaburi, basi angalau watajwe.

Leo nimetia ubani mwenyewe. Kondo. Mwinyimvua. Salehe Pazi. Mbegu.

Nikakwama hapo. Baba mdogo hawajui. Shomari hakuwahi kukaa kusikiliza. Mimi ndiye niliyekaa, na kuandika nilijua, tangu darasa la pili nilijua, lakini sikuwahi...

Nimemaliza kwa kusema, "Na wale watatu, Mungu anawajua."

Baba asingeipokea dua hiyo. Angeniambia nianze upya.